Mistari Minne Niliyomficha Mwalimu

Mwalimu aliyenifundisha kusoma alinipigia simu kutoka shuleni kwake, huko ndani upande wa Fukayosi. Programu ndogo niliyomwandikia ya kuchapa kadi za watahiniwa ilikuwa imekataa kufunguka. Mimi niko Bagamoyo mjini, nina haraka zangu, na hata shikamoo sikumpa. Nilimuuliza tu, "Umebonyeza nini?"

Hakuwa amebonyeza kitu. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na chumba cha kompyuta ndicho kilichokuwa fahari yake. Walimu vijana walikuwa wanakinyemelea, wakisema mama huyu ana mkono mzito.

Kesho yake nilikwenda. Mwalimu mkuu naye alikuja, akasimama mlangoni. Nilipoiwasha tu ile kompyuta, nikajua kosa ni langu. Ilikuwa ya msaada, inatumia mfumo wa Linux. Mimi nyumbani natumia Windows, na mstari wa kwanza kabisa wa programu yangu uliita maktaba ya kuchapia, yaani maagizo ya kompyuta yaliyokwisha kuandikwa na wengine, inayopatikana kwenye Windows peke yake. Mashine ikiikosa, programu nzima inafia hapo hapo. Sikuwahi kumuuliza mwalimu shule yao ina kompyuta gani. Nilijifanya najua.

Dawa yake ilikuwa mistari minne: kama ni Windows, ita maktaba hii, kama ni Linux, ita ile. Niliiandika huku nimekikinga kioo kwa bega, utadhani mwalimu mkuu angeelewa chochote. Kadi zikaanza kutoka.

"Kumbe tatizo lilikuwa nini?" akauliza mwalimu mkuu.

"Mipangilio tu, ilivurugika."

Ilivurugwa na nani, hakuuliza. Alimtazama mwalimu wangu, akasema kuanzia Jumatatu chumba kile atakishika mwalimu wa hisabati. Mwalimu wangu akaitikia, "Sawa, mkuu," akaendelea kuzipanga kadi kwa majina.

Alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki.

"Niwie radhi, mwanangu, nimekusumbua safari yote hii. Uzee huu! Sijui niligusa wapi."

Mwalimu mkuu alikuwa bado barazani, hatua kumi tu kutoka pale tuliposimama. Sentensi moja ingetosha. Naona haya hata kuandika nilichomjibu.

"Usijali, mwalimu. Nimeshakusamehe."