Binti Mfalme wa Darasa la Saba

Wenzangu mliofulia nguo kwa majani ya mpapai, mkala ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, na kushukuru, mtakumbuka ruksa ya kuingiza bidhaa za nje ilivyofika Kilosa. Tulilala maduka yakiwa na chumvi na viberiti, tukaamka yana sabuni za kunukia, biskuti za makopo na mafuta ya nywele yanayochuruzika mpaka kwenye kola. Marobota ya mitumba nayo yakashuka. Ukipita gulioni unamkuta mtu mzima kavaa koti la baridi la Ulaya katika lile joto letu, jasho linamtiririka, na kulivua hataki. Vijana wa leo wakiona picha zetu za siku zile wanacheka. Wacheke tu. Wao wanazichana suruali mpya magotini kwa makusudi; zetu zilichanwa na kazi.

Ndani ya robota mojawapo ndimo lilimotoka gauni. Mwalimu Mbwana, aliyetufundisha historia darasa la saba, aliliona gulioni: jeupe kama maziwa, lina marinda na mkia mrefu kama foleni ya sukari. Akaamua kwamba siku ya wazazi tutaigiza maisha ya binti mfalme wa Ulaya ya zamani. Hadija, jirani yangu wa kota za reli, akapewa ubinti mfalme kwa sababu ndiye msichana pekee aliyeweza kulivaa bila kulikanyaga. Mimi nikawa mjakazi wa kubeba mkia.

Tulidhani binti mfalme ni mtu wa kula, kulala na kupepewa. Mwalimu akatufungua macho. Kumbe anaposwa angali ananyonya. Mume anamjua kwa picha ya kuchorwa, na mchoraji ameshaambiwa afiche makovu ya ndui. Asubuhi anasimama uchi akitetemeka, mabibi wenye vyeo wakigombea nani ana haki ya kumvisha shimizi. Kuoga ni kwa nadra, jasho linafunikwa kwa poda. Siku ya kuolewa anapelekwa nchi ya kigeni, na mpakani anavuliwa kila alichotoka nacho kwao, hata soksi. Akijifungua, chumba kimejaa watu waliokuja kuhakikisha mtoto ni wake.

“Mwalimu,” Hadija akasema, “hata mbuzi wetu hujitenga.”

Tuliwadharau wale wafalme mpaka tukashiba. Niliporudi nyumbani nikamsimulia mama, naye akiwa anatwanga. Hakuacha kutwanga. Akauliza tu, “Huyo mtoto hakuwa na shangazi?”

Sasa katika siku hizohizo za mazoezi, baba yake Hadija, Mzee Juma, fundi wa reli, alipata mgeni kutoka Mikumi. Ruksa ilikuwa imemnenepesha mtu huyo: alikuwa na nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, malori ya Zambia yanalala kwake, ana pikapu, na ana wake wawili tayari. Alikuja mara moja, akamwona Hadija akianika nguo, akaondoka. Wiki iliyofuata akatuma picha yake ya studio, amesimama mbele ya ngazi ya kuchorwa, amepungua tumbo na umri kwa pamoja. Mzee Juma akaiweka juu ya redio. Akamwambia mwanawe, “Utakaa kama binti mfalme. Hutashika hata ndoo.”

Hadija alinisimulia tukiwa mto Mkondoa tunafua. Hakulia. Alisema, “Baba hajui anachosema,” akaendelea kusugua shati la sare kama analiadhibu.

Aliyekuwa hajaambiwa neno ni Shangazi Tatu, dada mkubwa wa Mzee Juma, muuza maandazi wa stesheni. Na nani asiyejua kwamba mtoto wa kike haposwi shangazi yake akisikia kwa majirani? Mzee Juma alijua vizuri. Ndiyo maana hakumwambia.

Siku ya wazazi mgeni wa Mikumi akaja, akapewa kiti cha mbele pamoja na wakubwa, miguu ameinyoosha utadhani amekuja kukagua shamba. Shangazi Tatu, ambaye majirani walikuwa wameshamnong'oneza, alikaa nyuma na kinamama. Maigizo yakaenda vizuri mpaka balozi alipoleta picha ya mchumba, na mfalme, kijana mmoja mwenye taji la boksi, akatamka, “Nimekubali. Binti yangu ataondoka kesho.”

Nikamwona Shangazi Tatu anainuka, anafunga kanga kiunoni.

“Mfalme,” akaita, “umemuuliza nani?”

Watu wakaangua kicheko. Yule kijana akamtazama Mwalimu Mbwana, na Mwalimu akatazama paa. Mfalme maskini akajibu, “Sijamuuliza mtu, shangazi.”

“Mtoto mwenyewe?”

“Bado.”

“Basi hakuna ndoa hapa.” Akageuka akamtazama kaka yake mbele ya umati. “Umesikia, Juma? Mfalme mwenzako amekiri.”

Kicheko kilikatika. Mgeni alikuwa wa mwisho kuelewa. Alikuwa bado anapiga makofi. Alipoelewa, aliinuka, akafuta viatuni vumbi ambalo halikuwapo, akaiendea pikapu yake.

Kikao kilifanyika nyumbani kwa kina Hadija kabla jua halijatua. Sisi wajakazi tulisikiliza dirishani. Mzee Juma alilalamika kwamba ameaibishwa. “Dada, mimi ndiye baba yake.”

“Na mimi ndiye niliyekubeba mgongoni,” Shangazi Tatu akasema. “Muulize mtoto.”

Hadija alikuwa bado hajavua gauni. Akapiga goti vizuri kabisa, akasema, “Baba, naomba nisome.” Mzee Juma aliinuka. Kisha akaitoa ile picha juu ya redio, akamkabidhi dada yake airudishe.

Hadija alisoma sekondari ya wazazi, ile ya kulipia ada. Hakuwa daktari, msinitazame hivyo. Kidato cha nne kilimshinda. Ni fundi cherehani Kidodi, mume wake anapakia miwa, na wakigombana mtaa mzima unasikia. Yule bwana wa Mikumi alioa msichana mwingine wa darasa letu, Rehema, ambaye shangazi zake walikuwa mbali. Nilimpitia Mikumi mwaka uliofuata. Alinipungia mkono dirishani, dhahabu tele mkononi. Nikamwita ashuke. Akatikisa kichwa; hakuwa na ruhusa.

Mwezi uliopita nilialikwa Dumila, bethidei ya mjukuu wa mdogo wangu. Ukumbi umekodiwa, mtoto amefungwa ndani ya gauni kama keki, taji limemkaa kichwani, mshereheshaji anapayuka “prinsesi wetu” kwenye spika. Akina mama waliopaka nyusi mkaa wote wanajiita malkia, na hakuna hata mmoja anayejua malkia aliishije. Mtoto akanijia, akanivuta kanga: “Bibi, linawasha. Naomba nivue.” Nikashika zipu. Mama yake akanizuia mkono. “Shikamoo mama, samahani, bado picha.”

Enzi zetu mtoto akiwashwa na nguo alivuliwa. Siku hizi anaambiwa atabasamu.