Majina Niliyoyafuta Kando ya Picha

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa aibu. Ilikuwa miaka ya tisini, nami msichana mwenye kiburi cha kazi mpya, nikitunza vitabu katika maktaba moja hapa Kakamega. Tulikuwa na kitabu kikubwa cha historia ya Nairobi, kimejaa picha za zamani. Wee! Nilikitunza kuliko viatu vyangu vya kanisani.

Mzee Ambani wa kijiji cha Malinya alikuja kila Jumatano kukitazama. Siku hiyo nikamkuta anaandika kwa penseli kando ya picha ya wanaume sita. Nilimjia juu mbele ya watu.

"Mzee, unaharibu kitabu!"

"Binti yangu," akasema kwa upole, "hawa nilichimba nao mitaro ya maji kule Nairobi. Kitabu kinawaita vibarua tu. Wana majina."

Sikumsikiliza. Nilimfukuza, nikachukua raba, nikafuta majina yote sita, tena najiona mtu wa maana. Mjinga mkubwa mimi!

Baada ya miezi kadhaa akaja mama mmoja, mtoto mgongoni. Mtoto aliitwa Shikuku, jina la babu wa huyo mama, babu aliyeenda Nairobi asirudi, na unajua kwetu mtoto hubeba jina la aliyetangulia. Sura ya babu hakuna aliyeijua tena nyumbani.

"Marehemu Mzee Ambani aliniambia yumo pichani," akasema. "Alisema amemwandika jina kando yake."

Marehemu! Nikapeleka kitabu dirishani, nikauinamisha ukurasa kwenye mwanga nitafute alama za penseli. Majina manne yalisomeka. Shikuku hakuwemo. Wakabaki wanaume wawili, na mmoja wao ndiye.

Nikamweleza nilichofanya, machozi yakinitoka. Hakunigombeza. Alimshusha mtoto, akamwonyesha wa kwanza, kisha wa pili.

"Basi hawa wote ni babu zako," akamwambia.

Yale manne niliyarudisha kwa wino. Mawili hayakurudi hadi leo.

Kwa hiyo soma, mwanangu. Soma jinsi mji wetu mkuu ulivyojengwa, ila usidhani kitabu kimemaliza maneno. Mzee akianza kukueleza, weka raba chini, mwache amalize, uandike. Mungu akupe macho ya kusoma na subira ya kusikiliza, na sura yako isikose wa kuitambua.