Eustadia na Redio Iliyokata Kauli Asubuhi

Katika kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Puge kila kitu kilikuwa cha wote, ila redio ya kijiji ililala kwa Eustadia. Alichaguliwa kuitunza baada ya wanaume watatu waliomtangulia kuifungia ndani na kuisikiliza kwa siri, kama watu wanaokula kuku mgeni asisikie harufu. Naye aliipenda mno. Mumewe alishafariki, binti zake wameolewa mbali, na msomaji wa habari hakuwahi kumnunia hata siku moja.

Basi Ijumaa moja ya Agosti 1972, saa tatu asubuhi, redio ikakata kauli. Ikabaki kufoka tu kama kikaango cha dagaa. Shemeji yake Shilinde, aliyeimezea mate tangu ilipoletwa, akaitisha mkutano kwenye ghala la karanga hata uji haujapoa.

"Kamaliza betri kwa dansi!" akashtaki. "Redio ihamie kwangu."

"Dansi nimecheza, sikatai," Eustadia akajibu. "Lakini betri ni mpya, nimezitia jana. Hili ni jua. Juzi mtangazaji kaeleza: kuna vyombo vimerushwa huko juu, vinaizunguka dunia, vinahesabu chembe zinazochomoka kwenye jua. Likichafuka linazitema kwa kasi ya ajabu, na redio huku chini zinavurugika."

"Chembe zinahesabiwa!" Shilinde akadakia. "Sisi kuhesabu kuku wa kijiji tu tumebishana mwezi mzima. Na jua lenyewe si hili hili tunaloanikia betri zikichoka, zikafufuka?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Eustadia akaiona redio inaondoka hivi hivi.

"Panda baiskeli, shemeji, nenda dukani kwa Thabit, Puge. Redio yake inakula betri ya gari. Ukiikuta inazungumza, njoo uchukue hii."

Shilinde alirudi alasiri, mwekundu kwa vumbi, akijaribu kupita nyuma ya ghala. Waliokuwa wakimngoja wakamwona, wakamwita ndani.

"Thabit anakusalimu, shemeji."

"Na redio yake?"

"Nayo inakusalimu."

"Kwa lugha gani?"

Shilinde akatazama viatu vyake. "Shshshsh."

Ghala zima likaangua kicheko. Mwenyekiti akaamua redio ibaki kwa Eustadia. Katibu, mtu wa taratibu, akainua kalamu.

"Ndugu Mwenyekiti, kwenye muhtasari niandike kosa ni la nani?"

"La jua. Andika limepewa onyo."