Mkono Dirishani Bukene

Treni ya Mwanza iliposimama Bukene, mzee tuliyekaa naye alifunga vifungo vya koti, akapunga mkono dirishani kama yuko kampeni. Zamani alikuwa mbunge. Siku hizi ni mkuu wa chuo kikuu. Sasa, kwenye reli yetu anayepunga mkono ni mnunuzi. Kina mama wauza asali wakaja mbio.

"Shikamoo baba, nikupe chupa ngapi?"

Akashusha mkono taratibu. "Marahaba. Nipe moja."

Treni ilipoondoka nikamuuliza kama wanachuo wanampenda.

"Husimama nikiingia ukumbini," akasema, chupa mapajani. "Ila hakuna anayenikimbilia."

Kituo kilichofuata akapunga tena. Chupa ya kwanza alikuwa ameshaificha chini ya siti.