Samaki Waliopasuliwa Kisiwani

Thuok alikuja kwenye kibanda changu cha kuchapa barua, Kakuma mjini, siku mbili baada ya mashua ya mdogo wake kupinduka ziwani. Ilikuwa Februari 2013. Thuok ni mkimbizi, Mnuer, muuza samaki wakavu kambini, na kwa bei ni mbishi asiyechoka. Yien, huyo mdogo wake, ndiye aliyekuwa Kalokol, kando ya ziwa, akimpasulia na kumtumia samaki. Mara ya mwisho wavuvi walimwona ameng'ang'ania dumu, upepo ukimsukuma kuelekea visiwani. Walimtafuta siku moja wakakata tamaa.

"Kama ako hai, ako kisiwani," Thuok aliniambia. "Kama amekufa, ako chini ya maji. Dada Nasike, nisaidie nifike."

Mpango wote alikuwa ameuchora kwenye kartoni ya sabuni: Kisiwa cha Kati kwanza, halafu cha Kaskazini, na alama kwenye miamba ambako angepiga mbizi. Mamba hakuwataja kabisa.

Lakini mkimbizi hatoki Kakuma bila kibali. Tuliandika kwamba anaenda kumtafuta ndugu yake. Fomu ikarudi, ofisi ya kambi inataka barua ya shahidi. Shahidi yupi, na wote wako ziwani? Hapo mimi na ujuaji wangu nikasema tuandike utalii, watalii hawasumbuliwi. Nikachapa kwa Kiingereza safi: ziara ya visiwa na kupiga mbizi, siku tano. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Siku ya tisa jibu lilikuja. Starehe si sababu ya kutoka kambini.

Thuok aliisoma barua, akairudia.

"Dada, wewe ukienda Kalokol, unajaza fomu gani?"

Mimi Mturkana sijazi fomu yoyote. Napanda gari nikitaka. Siku tisa nzima wazo la kwenda mwenyewe halikunijia, wala yeye hakuthubutu kuniomba. Aibu ilinishika. Nikafunga kibanda, nikaichukua ile kartoni.

Binamu yangu Ejore, mvuvi wa Ferguson's Gulf, ghuba ya pale Kalokol, alinipeleka kwa mashua yake. Kisiwa cha Kati hatukupata kitu. Cha Kaskazini tulikuta dumu, kipande cha wavu na samaki watatu waliopasuliwa, wameanikwa juu ya jiwe. Ejore akambonyeza mmoja.

"Huyu hajakauka," akasema. "Ni wa jana."

Niliita jina la Yien hadi sauti ikanikauka. Ejore akajifunga kamba kiunoni, akapiga mbizi kwenye miamba ileile ya kwenye kartoni. Mara tatu alitoka mikono mitupu. Mara ya nne alitoka na mwili wa Yien, bado haujavimba.

Nilimpigia Thuok simu kutoka Kalokol. Alilia, nikamsubiri. Kisha akauliza, "Alikufa siku ile ile ya mashua, dada?"

Nikamwambia ndiyo.