Mhandisi wa Aiskrimu ya Maharage

Uongo wa Juvénal hakuutunga yeye. Alipewa bure, pamoja na kikombe cha kahawa, Jumapili moja ya mwaka 2007 baada ya ibada. Ochola, Mkenya jirani yake wa mtaa wa Husby, huku ughaibuni kwa Waswidi, mtu ambaye akinong'ona nyumba ya pili wanaitikia, alimwuliza siku hizi anafanya kazi wapi. Juvénal akajibu kweli tupu: "Kwa Wajapani, kule Södermalm."

"Alaa! Magari!" akapayuka Ochola. "Jamani, mzee wetu ameingia kwenye magari!"

Sasa mlitaka adhani nini? Kwetu sisi, kuanzia Kisumu hadi Bujumbura, Mjapani ni gari na gari ni Mjapani. Juvénal alifungua mdomo asahihishe, kisha akautia keki. Hapo ndipo alipoponzeka. Kahawa haijapoa, ameshaitwa mhandisi.

Mhandisi! Mtu alikuwa mwalimu wa hesabu kule Bururi, akakaa kambi ya wakimbizi Kigoma miaka kumi na mmoja, na gari pekee alilowahi kulitengeneza ni la waya, la kuchezea Ariane, binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu ana miaka mitano.

Kazi yake ya kweli ilikuwa kutengeneza aiskrimu. Tena si ile ya huku, unayolamba huku unawaza mambo mengine. Bwana Tsukada, mwenye mkahawa, aliuza madonge madogo ya kuenea kiganjani: ndani aiskrimu, nje ngozi laini ya unga wa mchele wa kunata. Unga huo hupikwa kwa maji na sukari, halafu husongwa ungali moto mpaka ung'ae, nao hung'ang'ania mwiko kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Wapishi watatu walikuwa wameshindwa. Wa mwisho aliacha mwiko umesimama ndani ya sufuria akaenda zake.

Juvénal naye siku ya kwanza alishindwa. Ugali amekula tangu ameota meno, ila hajawahi kuusonga. Mwanamume wa kwao ashike mwiko, watu waseme nini? Jioni hiyo akafunga mapazia ya jikoni, na ni ghorofa ya sita, akamwambia mkewe Concessa, "Nifundishe."

Concessa alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akamfundisha wiki nzima: kandamiza, geuza, vuta kwako, usiuonee huruma. Wiki hiyo walikula ugali asubuhi na jioni. Jumatatu iliyofuata Tsukada alibonyeza donge la Juvénal kwa kidole, akaona limejaa tena lenyewe, akainamisha kichwa. Juvénal akainamisha chake. Kazi akapata.

Na aliipenda, usione. Ila pale Husby hakuna aliyemwuliza kitu zaidi ya magari. Gari la Ochola likaanza kugugumia, mhandisi akaitwa. Juvénal alifunua boneti, akatazama kwa muda wa heshima, akatamka, "Hiyo ni kawaida ya gari la Kijapani. Itaacha yenyewe." Kesho yake likanyamaza. Sifa zikapanda, na kila zilipopanda ndivyo kushuka kulivyozidi kuwa kugumu.

Mwaka 2011 Ariane, ambaye sasa ni muuguzi Södertälje, akapata mchumba. Nani? Augustino, mpwa wa Ochola. Na msemaji wa upande wa kijana atakuwa nani? Ochola mwenyewe.

Kwa desturi ya kina Juvénal, binti hatoki nyumbani mpaka msemaji wa upande wake asimame mbele ya wakwe aseme neno moja: tumewapa. Halina muhuri wala sahihi. Uzito wake ni uzito wa mtu anayelisema, na mtu huyo ni Juvénal, kwa kuwa baba hayupo. Alikosa usingizi.

"Wakijua nimewadanganya miaka minne, nitasema tumewapa kwa mdomo gani?" alimwuliza Concessa.

"Si ungewaambia mapema."

"Mapema lini?"

"Kabla ya ile keki," akasema Concessa, akaendelea kupiga pasi.

Ijumaa, siku moja kabla ya shughuli, Tsukada akaleta oda kubwa: madonge mia moja na ishirini, ya maharage mekundu na ya ufuta mweusi, ya karamu ya watu fulani. Juvénal akayabana moja moja, akayapanga kwenye makasha meupe, akafunga kwa uzi mwekundu. Kazi ilimsahaulisha hofu yake.

Jumamosi ukumbi wa mtaa ulijaa, watu wamependeza. Ochola akanguruma salamu, Juvénal akajibu kwa mafumbo, ng'ombe wakatajwa na kusifiwa bila kuonekana hata mkia. Lilibaki lile neno moja tu. Ndipo Augustino akasimama. "Wazee, samahani. Ariane anaomba kitamu kije kwanza."

Makasha meupe yakaingia. Uzi mwekundu. Juvénal akalitambua fundo lake mwenyewe.

Ochola hakungoja maelezo. Yeye anajua aiskrimu ya vanila, ile ya gari lenye muziki linalozunguka mitaani. Akalichoma donge kwa meno, meno yakagonga barafu. Akalivuta, ngozi ikarefuka kutoka mdomoni hadi mkononi. "Hii ni aiskrimu au gundi?" Watu wakaangua kicheko. Akatafuna, akatafuna, macho yakamtoka. "Maharage! Mama yangu, kuna maharage! Nani huyu aliyetia maharage sukari? Huyo mpishi alifukuzwa kwao!"

Concessa alimfinya mumewe paja. "Nyamaza, nakuomba."

Alijaribu, wallahi alijaribu. Lakini kuna matusi mtu huyavumilia yakimgusa yeye, si yakigusa kazi ya mikono yake.

"Umekosea, mkwe," akasema, na alikuwa tayari amesimama. "Hiyo haivamiwi. Unaiweka kiganjani, unangoja dakika tatu, ngozi inalegea, ndani kunalainika. Ile unayoijua wewe ni maziwa, sukari na upepo, imepita kooni kabla hujajua umekula nini. Hii imepunguziwa sukari makusudi, ili ule ufuta uwe ufuta na haragwe liwe haragwe. Maharage yenyewe yamechemshwa asubuhi nzima kwa moto mdogo! Na ngozi ukiisonga ovyo inapasuka. Unaibana hivi, unazungusha, unafunga kwa chini, hivi..."

Vidole vyake vilikuwa vinabana hewa mbele ya watu themanini. Akaviona. Ukumbi nao ulikuwa umeviona.

"Mhandisi," Ochola akasema taratibu, "haya umeyajulia wapi?"

"Si mhandisi." Juvénal akaiinua mikono. "Nimetengeneza haya jana kwa mikono hii. Wajapani wangu hawana magari, wana jiko. Uliposema magari niliona haya kukukatalia, na baada ya hapo nikaona haya zaidi."

"Na gari langu?"

"Sikujua chochote, mzee mwenzangu. Nilitazama tu."

"Ulisema litaacha lenyewe!"

"Halikuacha?"

"Liliacha! Liliacha kutembea! Hjulsta, katikati ya theluji! Nikaona aibu kukuambia, nikasema mhandisi atadhani nililiharibu mwenyewe!"

Wengine walicheka, lakini Ochola hakucheka. Alipangusa unga midomoni. "Basi niambie. Neno la gari ulinipa, halikuwa kitu. Hili la leo nilipokee vipi?"

Juvénal alitazama viatu vyake akatamani kukaa, asimame mtu mwingine yeyote. Ndipo Ariane akainuka, yeye ambaye kwa desturi hapaswi kufungua mdomo siku hiyo, na ambaye miaka yote akisemeshwa Kiswahili hujibu Kiswidi. Akasema kwa Kiswahili, akitafuta maneno.

"Mimi ndiye niliyeagiza, Baba. Mwaka juzi nilikwenda pale na wenzangu wa kazini. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, nikakuona umeinama, una unga hadi kwenye nyusi, unaimba. Sijawahi kukusikia unaimba nyumbani. Kila nikipata mshahara naenda, nakula ya maharage, naondoka. Nilikuwa nangoja uniambie." Akajifuta macho kwa mkono. "Leo ndiyo mwisho wa kungoja. Nilitaka anayenitoa awe wewe. Yule mhandisi simjui."

Juvénal alilia waziwazi, mbele ya wakwe, na asiyependa shauri yake.

Ochola akachukua donge jingine, la maharage, akaliweka kiganjani, akavuta mkono wa koti, akaitazama saa. Dakika ya kwanza. Ya pili. Mtoto akauliza kinachoendelea, akazibwa mdomo. Dakika ya tatu ilipotimia, Ochola akalitia donge mdomoni lote zima, akafumba macho, akatafuna, na kwa kidole akaonyesha: sema neno lako.

Juvénal akanyoosha koti. "Mimi Juvénal, mpika aiskrimu, mlezi wa Ariane," akasema. "Tumewapa."

Hapo msemaji wa kijana hana budi kujibu mara moja, kwa sauti: tumepokea. Ochola akafungua mdomo, ukagoma. Donge lilikuwa limemshika juu na chini. Akajaribu tena, machozi yakimlengalenga, na hakuna aliyejua kama ni ya maharage au ya nini.

"Tafuna polepole, mkwe," Juvénal akamwambia. "Leo sina haraka." Na watu themanini wakamngoja ameze.