Kijani Kilichopotea Kwenye Kawa la Mama

Mama aliwaambia watu wote wa Mafubira, mtaani kwetu, kwamba mimi ni daktari wa macho. Si uongo mkubwa, ila ni uongo. Mimi nachunguza retina, ule utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea mwanga na kupeleka habari ubongoni. Nikirudi nyumbani Jinja nakuta benchi limejaa: huyu jicho linamwaga machozi, yule ameingiwa na pumba za mahindi, mwingine hana lolote ila amekuja kwa vile wenzake wamekuja.

"Mama, mimi sitibu watu," nilimwambia siku moja.

"Unatibu nini basi?"

"Sitibu. Nachunguza. Macho ya ng'ombe, kwa sasa."

"Ng'ombe mgonjwa?"

"Ng'ombe aliyechinjwa."

Akaweka chini ukindu aliokuwa anasuka. "Nimekusomesha miaka yote hiyo uje kumwangalia macho ng'ombe aliyekwisha kufa?"

Kosa ni la mwalimu wetu wa baiolojia. Alituletea macho ya ng'ombe kwenye ndoo, akatugawia nyembe. Wenzangu walikimbilia dirishani, mimi nilikata. Ndani nikakuta buluu inayoteleza kuwa kijani, kama mafuta ya gari juu ya dimbwi. Hicho ni kioo cha ng'ombe, cha kumsaidia kuona gizani. Sisi binadamu hatukupewa. Juu yake ulilala utando hafifu, kama ule unaoganda kwenye maziwa yaliyochemka. Mwalimu akasema huo ndio unaoona, mengine yote ni dirisha. Nilirudi nyumbani mbio kumwambia Mama nimeona rangi za ukindu wake ndani ya jicho. Akaniambia nikanawe mikono.

Baada ya shule nyingi, nyingine za ng'ambo kwenye baridi isiyo na adabu, nilipata kazi Mbale, katika maabara ndogo ya chuo. Nikapanga chumba Nabuyonga, na kila alfajiri nikawa naenda machinjioni na chupa ya chai iliyojaa barafu. Hapo Kiswahili kiliniponza. Sisi nyumbani tumekirithi; babu zetu walikuja na jeshi kutoka Sudan, wakabaki. Lakini huku wengi wamekizoea kama lugha ya askari; mtu akimwaga Kiswahili kizito asubuhi na mapema, mzee wa Mbale anakumbuka bunduki. Mchinjaji mkuu alisimama wima.

"Ndiyo, Afande. Macho iko. Afande nataka ngapi?"

"Manne yanatosha, mzee."

"Sawa, Afande."

Kwa wiki nzima hakuniuliza neno. Wauza supu ya kichwa walinung'unika kwa mbali kwamba vichwa vyao vinakuja vipofu, lakini nani abishane na jeshi? Siku ya nane mzee akajikaza.

"Afande, samahani. Hii macho, jeshi nafanya nayo nini?"

Nilicheka hadi barafu ikamwagika. Nikamweleza kwamba mimi ni mtu wa chuo tu, na bunduki sijawahi hata kuigusa. Tangu siku hiyo aliacha kusimama wima, ila lile neno Afande halikumtoka mdomoni.

Kazi yenyewe ni ya subira. Utando nauwahi ungali hai, naubandua kwa brashi laini chini ya taa hafifu nyekundu, nauchomeka sindano nyembamba kuliko unywele, kisha namulika na kusikiliza. Seli zikijibu, spika inatoa mlio wa bisi zinazopasuka. Siku utando ukikataa, unakaa kimya kama mkwe aliyenuna, nami nafunga maabara nikanywe chai.

Kwa Idi ya mwaka ule Mama alinitumia kawa la kufunikia chakula. Mama habadilishi mpangilio wake: buluu, kijani, manjano, kijani, buluu, kama alivyofundishwa na mama yake. Hili lilikuja na mambo mapya. Kijani hakikuwepo. Palikuwa na buluu juu ya buluu, na upande mmoja manjano yalikuwa yameiachia nafasi waridi. Nilifurahi kweli. Nikasema, mama yangu uzeeni ameanza kuthubutu. Nikalitundika maabara, juu ya meza yangu, na kila mgeni nilimwonyesha. Likakaa pale mwaka mzima.

Siku moja nilikuwa nafundisha wanafunzi wachache mle ndani. Nikawaambia seli zinazohisi buluu ni chache kuliko nyingine, tena dhaifu. Ugonjwa wa sukari ukifika kwenye retina, buluu na kijani huweza kuanza kuchanganyika kabla mtu hajajua kwamba haoni vizuri. "Kwa mfano," nikasema, nikageuka kutafuta ukutani kitu chenye rangi hizo.

Sikumaliza mfano. Nilisimama nikilikodolea macho kawa la Mama mpaka mwanafunzi mmoja akaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo, na kipindi kikaishia hapo.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Mafubira. Mama alikaa dirishani, ukindu umemzunguka. Nikaketi mkekani bila hata salamu ndefu.

"Mama, nipe kijani."

Akapapasa, akanipa buluu.

"Nipe buluu."

Akanipa buluu nyingine, huku ananishangaa.

"Mama, macho yako yana nini?"

"Ah, mtoto wa jicho tu. Nangoja akomae."

Mtoto wa jicho kila mtu anamjua: lenzi inaingia ukungu, mboni inakuwa nyeupe. Na watu wetu husema usimtoe angali mchanga, mngoje akomae, kama ndizi. Mama alikuwa anamngoja mwaka wa pili huo. Nikammulika na tochi ya simu. Mboni ilikuwa nyeusi na safi. Hamkuwa na mtoto wala mjukuu.

"Humu hamna mtoto, Mama. Nani alikwambia yupo?"

"Nilijiambia mwenyewe."

"Na sukari je?"

 Akanionyesha kwa kidole kikapu cha pembeni. Chini ya ukindu kulikuwa na vidonge vya kliniki, paketi hata hazijafunguliwa. Walikuwa wamemwambia zamani. Alinificha kwa sababu aliogopa nitamkataza kufunga Ramadhani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mama yangu, kwa kudra ya Mola, aliumbuliwa na kawa.

Nilimgombeza. Sikuwa nimewahi kumgombeza Mama. Kisha nikajigombeza mimi kimoyomoyo, na hapo nilikuwa mkali zaidi.

"Sasa kama si mtoto, ni nini?" akauliza.

"Ni nyuma, Mama. Kwenye utando."

"Utando ule wako?"

"Huohuo."

"Basi afadhali," akasema. "Huo unaujua."

Hakuna maneno yaliyowahi kuniuma kama hayo. Naujua, naam. Naweza kukueleza seli gani inamnong'oneza nani. Kuuponya ndani ya jicho la mama yangu siwezi.

Nikampeleka hospitali. Daktari wa macho, wa kweli huyu, alimpiga picha ya nyuma ya jicho, akaniita nitazame kwenye kompyuta. Retina nyingi nimeziona mezani. Ya aliyenizaa sikuwahi kuiona. Ilikuwa na rangi ya chungwa, imepitiwa na vijito vya damu, na madoadoa kama matone ya kwanza ya mvua juu ya vumbi. Nililia palepale. Mama, ambaye alikuwa bado hajaambiwa kitu, akamgeukia daktari.

"Msamehe," akasema. "Huyu amezoea ng'ombe."

Walimtibu kwa mwanga wa leza, akarudi tena na tena. Jicho la kulia halikurudi. La kushoto lilishika, na daktari anasema akiitunza sukari yake litaendelea kushika. Siku hizi anameza vidonge mbele yangu, na Ramadhani analisha maskini badala ya kufunga, huku ananung'unika kwamba mimi ndiye niliyemzulia uzee. Machinjioni, nilipotoweka majuma yale, mzee alidhani nimehamishiwa kikosi kingine.

Nikienda Jinja sasa namfungia Mama mafundo kwenye mabunda ya ukindu: fundo moja buluu, mawili kijani, matatu manjano. Mara ya mwisho aliniuliza kuhusu kawa lile la Idi. Alitaka nimrudishie alifumue.

"Siwezi, Mama. Liko ukutani."

"Kazi mbovu ile? Na watu wanaiona?"

"Wanaiona. Mimi mwenyewe nililitazama mwaka mzima."

Mikono yake ikasimama. "Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Wewe, na elimu yako yote. Ukaona nini?"

"Niliona limependeza."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akatulia, akanigeuzia lile jicho la kushoto.

"Hata mimi," akasema. "Nilipolimaliza nililiinua hapa dirishani, nikaona limependeza."

Akanipa bunda jingine nimfungie.